Majina Yaliyosomwa Redioni

Vijana wenzangu, wiki hii zamu ya kuandika imeniangukia mimi, na nimeamua kuandika kuhusu redio. Najua kuna watakaosema redio ni mambo ya wazee, sisi tuna simu. Sawa. Lakini vumilieni kidogo, maana mwisho nitarudi kwenye simu hizo hizo, na nitakiri jambo ambalo sijawahi kulisema kwenye grupu hili.

Mimi nilizaliwa kambi ya Lukole, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Nyumbani tulikuwa na redio moja ndogo ya bibi. Mfuniko wa betri ulishapotea, kwa hiyo aliifunga kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Betri, ambazo yeye aliziita mawe, zikichoka zilianikwa juani pamoja na mihogo, na jioni zilipata tena nguvu ya kusema kwa nusu saa. Bibi alisikiliza kila kitu: habari, mahubiri, nyimbo, matangazo ya chanjo, hata bei ya maharage. Kitu kimoja tu hakukiweza. Mtangazaji akianza kusoma majina ya watu, bibi alinyanyuka akatoka nje. Majina yoyote. Hata yakiwa ya wanafunzi waliofaulu mtihani. Alisimama pale karibu na mafiga mpaka yaishe, halafu akarudi kukaa kama hakuna kilichotokea.

Mimi nilidhani moshi unamsumbua. Nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye, tulipokimbia mara ya pili, yeye mwenyewe aliponisimulia. Kwa hiyo historia hii naianza na yeye.

Mwaka mmoja, redio moja

Tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa na wanajeshi. Alikuwa amechaguliwa Juni mwaka ule ule, rais wa kwanza wa nchi yetu kupatikana kwa uchaguzi wa vyama vingi. Baada ya hapo watu waliuana vilimani, Watutsi wakauawa, Wahutu wakauawa, na mamia ya maelfu wakavuka mipaka kwenda Rwanda, Tanzania na Zaire. Bibi alitoka upande wa Kirundo, na kwake mpaka wa karibu ulikuwa wa Rwanda. Akavuka na watoto watatu, mama yangu akiwa mmojawapo.

Yaani alikimbia moto akaingia kwenye petroli, ila wakati ule hakujua.

Huko Rwanda kulikuwa na redio mpya inapendwa sana. Jina lake kamili lilikuwa Radio Télévision Libre des Mille Collines, watu waliiita RTLM. Ilianza kusikika Julai 1993. Bibi alisema kitu ambacho vitabu navyo vinakisema: mwanzoni ilikuwa inafurahisha. Redio ya serikali iliongea kama barua ya ofisini. RTLM iliongea kama watu wa mtaani. Ilipiga muziki wa Zaire, watangazaji walitaniana, wasikilizaji walipiga simu. Katikati ya utani waliingiza neno "inyenzi", yaani mende, wakiwaita hivyo waasi wa RPF, kisha Watutsi wote, kisha na Mhutu yeyote asiyekubaliana nao. Mtu ulicheka, ukazoea, na ulipozoea ikawa tayari umeshakubali kwamba jirani yako ni mdudu.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyombeba Rais Habyarimana wa Rwanda na Rais Ntaryamira wa Burundi ilidunguliwa ikikaribia Kigali. Jenosidi dhidi ya Watutsi ikaanza, na katika siku takriban mia moja waliuawa watu kati ya 800,000 na milioni moja, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji. Katika siku hizo RTLM ilisoma majina hewani. Ilitaja mtu kwa jina lake, anakaa wapi, gari lake lina namba gani, inadhaniwa amejificha kwa nani. Waliokuwa vizuizini walisikiliza, panga mkono mmoja, redio mkono mwingine.

Bibi alikuwa anasikiliza kwa jirani, ukutani tu. Siku moja alisikia jina la mtu ambaye wiki iliyotangulia alikuwa amempa maziwa kwa ajili ya mtoto. Jina lake lote, na mahali anapoishi. Bibi hakunisimulia kilichofuata. Aliniambia tu: "Mjukuu wangu, nilisikia jina asubuhi. Jioni hakuna aliyelitaja tena."

Sasa hapa naomba tusikimbilie kusema redio ndiyo iliyoua. Mtafiti wa Marekani, Scott Straus, aliwahoji wafungwa 210 waliokiri kushiriki mauaji. Wengi wao hawakumwambia kwamba redio ndiyo iliyowatoa nyumbani. Walitolewa na watu waliokuja mlangoni: kiongozi wa mtaa, jirani, kundi la wanaume. Redio iliwapa watu wale maneno na ujasiri, na mara nyingine iliwapa majina. Lakini jina halitembei lenyewe. Lilihitaji mtu wa kulibeba kutoka kwenye redio mpaka kwenye mlango wa nyumba. Hilo neno "kulibeba" mlishike, nitalirudia.

Hao waliokaa nyuma ya maikrofoni hawakusahaulika. Kesi yao ilisikilizwa hapa hapa Tanzania, Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda. Mwaka 2000 mtangazaji wa RTLM kutoka Ubelgiji, Georges Ruggiu, alikiri kosa akahukumiwa miaka 12. Tarehe 3 Desemba 2003 ikatoka hukumu ya Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Baada ya rufaa, mwaka 2007, vifungo vyao vilibaki miaka 30 kwa Nahimana, 32 kwa Barayagwiza na 35 kwa Ngeze. Tangu kesi za Nuremberg baada ya vita ya pili ya dunia, ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kuwahukumu watu wa habari kwa namna hiyo.

Na sisi Warundi tusijifanye hayo ni ya Rwanda peke yake. Katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na redio iliyorusha chuki kuja Burundi kutokea upande wa Zaire, karibu na Uvira. Iliitwa Rutomorangingo. Wazee wenu wanaikumbuka, waulizeni.

Daraja la Rusumo na mji wa Ngara

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 kwa hesabu ya UNHCR walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Tanzania. Chini ya daraja, mto Kagera ulikuwa unabeba maiti kuelekea Ziwa Victoria. Bibi alivuka katika msafara ule. Alisema aliwafunika watoto nyuso kwa kitenge wasiangalie chini, na yeye akaangalia mgongo wa mtu wa mbele tu mpaka ng'ambo.

Upande wa Tanzania waliwekwa Benaco, kisha zikafunguliwa kambi nyingine jirani, kama Lumasi, Musuhura na Lukole. Kwa muda Benaco ilikuwa miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani, na wakimbizi katika wilaya ya Ngara wakawa wengi kuliko wenyeji. Hebu fikiria uko Ngara, mji mdogo wa milimani, barabara moja ya maana, soko, kanisa, ofisi za wilaya. Ghafla unaamka, majirani zako ni zaidi ya robo milioni. Miti inakatwa kwa kuni. Maji yanagombewa. Bei sokoni zinapanda na kushuka. Usiku kuna wizi, na kila upande unasema wezi wametoka upande wa pili.

Na katikati ya wakimbizi wenyewe hali ilikuwa mbaya zaidi. Walioua na walionusurika, walioona na waliojificha, wote wapo kwenye foleni moja ya maji. Redio ya chuki ilinyamaza baada ya Kigali kutekwa Julai 1994, lakini maneno yake yalivuka daraja pamoja na watu. Kambini uvumi ndio ulikuwa gazeti. Leo utaambiwa chakula kimetiwa sumu, kesho kwamba anayerudi anauawa mpakani, keshokutwa kwamba kambi inavunjwa.

Ni katika hali hiyo Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, JRS, lilipoanzisha redio Ngara mwaka 1995. Likaiita Radio Kwizera. Sisi wa Kirundi na Kinyarwanda hatuhitaji kuelezwa jina hilo, ila kwa wenzetu Wakongo na Watanzania: kwizera ni kuamini, kutumaini.

Kwa Tanzania ya wakati ule jambo hilo lilikuwa geni. Sheria iliyofungua mlango kwa redio zisizo za serikali ilitungwa mwaka 1993 tu. Radio One ya Dar es Salaam ilianza 1994. Halafu mwaka mmoja baadaye, pembezoni mwa nchi, mahali ambapo ukipanda kilima unaona Rwanda na Burundi, redio inaongea Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Baadhi ya waliofanya kazi pale walikuwa wakimbizi wenyewe.

Fikiria ujasiri wa hilo. Mwaka mmoja tu umepita tangu redio isome majina ya watu wa kuuawa, na dawa iliyochaguliwa ni redio nyingine. Ningekuwa mimi ningesema vitu hivyo vizimwe vyote.

Majina ya kutafutana

Mama yangu ndiye aliyenisimulia sehemu hii. Mwanzoni bibi hakutoka nje majina yakisomwa. Alikuwa anaizima redio kabisa, tena kwa hasira, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Lakini kulikuwa na majina ya aina nyingine yaliyokuwa hewani siku zile. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo kwa Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia. Mwanzoni yalikuwa mafupi tu. Kazi yake kubwa ilikuwa kusoma majina ya waliopotezana: mtoto fulani, wa fulani na fulani, kilima fulani, yupo mahali fulani, anawatafuta wazazi. Bukavu nako, kuanzia Agosti 1994, waandishi wa Uswisi ambao baadaye waliunda Fondation Hirondelle waliendesha Radio Agatashya, jina la ndege mbayuwayu, kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji, mpaka vita ilipoufikia mji ule Oktoba 1996.

Ukiyasikiliza matangazo yale bila kujua lugha, huwezi kuyatofautisha na yale ya RTLM. Sauti ya mtu, jina la mtu, jina la baba yake, kilima anachotoka. Maneno ni yale yale karibu yote. Tofauti ilikuwa kwa nini jina linatajwa, na nani atakuja mlangoni baada ya kusikia.

Siku moja bibi hakuwepo, redio ikabaki inaongea. Yakasomwa majina. Mama jirani, ambaye mdogo wake wa kiume alipotelea njiani kabla ya Rusumo, akatoka mbio kutoka kwenye turubai lake anapiga kelele. Watu wakadhani nyoka. Kumbe amesikia jina la mdogo wake, na jina la baba yao, na kilima chao. Kijana alikuwa hai, kambi nyingine, si mbali sana.

Bibi aliporudi akakuta watu wamejaa nje ya nyumba yake, yule mama amekumbatia redio kama mtoto. Mama anasema bibi aliangalia muda mrefu, hakusema kitu. Kuanzia siku ile hakuizima tena majina yakisomwa. Alitoka nje, lakini aliiacha inasema. Nadhani aliona kuna mwingine anaweza kuwa anasubiri jina lake.

Redio unayoweza kuigongea mlango

Mimi naikumbuka Radio Kwizera ya utotoni mwangu, miaka ya 2000. Ilikuwa na habari, lakini si habari za marais tu. Kulikuwa na kipindupindu na jinsi ya kuchemsha maji. Kulikuwa na Ukimwi, ambao nyumbani hakuna mtu mzima aliyekubali kuutamka. Kulikuwa na mpira, kilimo, mazungumzo ya amani ya Burundi. Kulikuwa na nyimbo za vijana wa kambini, na mwimbaji akisikika hewani, kesho yake anatembea kama ameota pembe. Salamu zilitumwa kutoka kambini kwenda kijijini na kutoka kijijini kuja kambini.

Hilo la mwisho ndilo naliona kubwa zaidi sasa. Mkulima wa Ngara ambaye msitu wake umekwisha kwa kuni zetu alisikilizwa na redio ile ile niliyoisikiliza mimi. Alilalamika, tukamsikia. Mkimbizi aliyepigwa porini akitafuta kuni naye alisema, wakamsikia. Hawakupendana kwa sababu hiyo, nisiwadanganye. Lakini kila mmoja alijua mwenzake ana sauti na ana sababu, na kwamba akisema uongo atajibiwa wiki ijayo kwenye kipindi hicho hicho.

Redio ya mji mdogo ina kitu ambacho redio kubwa haina. Mtangazaji ananunua nyanya soko lile lile. Akikosea jina la mtu, mtu huyo au shangazi yake atamkuta pale penye muhogo wa kuchoma na kumuuliza. Anajulikana kwa jina, na anajulikana anakolala. Kwa hiyo anauliza mara mbili kabla ya kusema. Katika kazi ile sheria ipo, maadili yapo, lakini mimi naamini hata ile aibu ya kukutana sokoni inafanya kazi yake.

Tusiikuze kupita kiasi. Redio ndogo haikuzuia makubwa. Desemba 1996 serikali ya Tanzania, pamoja na UNHCR, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kuisha. Wengi walijaribu kutorokea ndani zaidi, wakageuzwa na wanajeshi, na karibu nusu milioni wakavuka tena daraja lile lile kurudi walikotoka. Hakuna kipindi cha redio ambacho kingebadilisha uamuzi huo. Na sisi Warundi zamu yetu ilikuja. Lukole ilifungwa mwaka 2008. Tulirudi Burundi na vitu vyetu kwenye malori, redio ya bibi ikiwa mapajani mwake. Sisi tuliondoka, redio ya Ngara ikabaki hewani, ikiwahudumia wenyeji.

Moto wa 2015

Burundi tuliyorudi ilikuwa na redio nyingi, na zilikuwa na meno. RPA, iliyoanzishwa na Alexis Sinduhije mwaka 2001, watu waliiita sauti ya wasio na sauti. Isanganiro, Bonesha na nyingine zilikuwepo. Januari 2015 mkurugenzi wa RPA, Bob Rugurika, alifungwa baada ya redio yake kurusha taarifa kuhusu mauaji ya masista watatu wa Kiitaliano. Alipoachiwa Februari, watu walijaa barabarani kumpokea. Kwa mwandishi wa redio! Sijawahi kuona kitu kama kile tena.

Kisha Aprili ikaja, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Tarehe 13 Mei kukawa na jaribio la mapinduzi, na kati ya siku hiyo na kesho yake redio zikashambuliwa: RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance. Rema FM, iliyokuwa upande wa serikali, nayo ilishambuliwa na watu wa upande wa pili. Kwa siku mbili nchi ikawa kiziwi. Isanganiro na Rema ziliruhusiwa kurudi Februari 2016, Bonesha ikasubiri hadi 2021.

Sisi tulikuwa tayari tumekimbia. Wengi wenu mnakumbuka Kagunga, ule ufukwe mwembamba wa Ziwa Tanganyika, kipindupindu, na MV Liemba ikibeba watu kwa mafungu kwenda Kigoma. Bibi alikimbia kwa mara ya tatu maishani mwake. Redio aliisahau nyumbani. Alijilaumu kwa hilo kuliko kuiacha mbuzi.

Waandishi waliokimbilia nje hawakunyamaza. Vikazaliwa vipindi vya sauti kama vya Inzamba, vikaja kwenye intaneti, na watu wakarushiana kwenye WhatsApp. Ukawa unakaa Nyarugusu au Nduta, unasikia habari za Bujumbura kwenye simu ya mwenzako, imetoka kwa binamu yake wa Kigali, aliyeipata kwa mtu wa Ubelgiji. Na hapo ndipo, vijana wenzangu, bila kuapishwa wala kufundishwa, kila mmoja wetu akawa kituo cha redio.

Nililobeba mimi

Sasa nakiri.

Miaka michache iliyopita ilinifikia orodha kwenye simu. Majina thelathini na kitu ya watu wa kambini kwetu, na namba ya zoni kwa kila mmoja. Juu yake imeandikwa kwamba hawa wamejiandikisha kisirisiri kurudi, na kwamba wanapeleka habari zetu upande wa pili. Haikuwa na jina la aliyeiandika. Ilikuwa kipindi cha uvumi, mnakikumbuka, kila wiki kambi inafungwa.

Niliituma kwenye magrupu mawili. Nikaongeza: "Mungu atusaidie." Dakika moja haikufika.

Usiku wa pili mlango wa mtu mmoja wa kwenye orodha ulipigwa mawe. Alikuwa baba wa rafiki yangu niliyesoma naye. Watoto wake walilala kanisani siku tatu, kisha familia ikahamia zoni nyingine. Baadaye ilijulikana alionekana akitoka ofisini mara kadhaa kwa sababu alifuatilia dawa za binti yake. Basi, hilo ndilo kosa lake.

Nilikwenda kumuomba msamaha. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja: "Jina langu ulipewa na nani?" Nikafungua simu nimwonyeshe. Palikuwa na namba ya mtu ninayemjua, ambaye naye alitumiwa na mwingine, ambaye naye alitumiwa. Hakukuwa na mlango wa kugonga. Hakukuwa na soko la kumkutia mtu. Tulikuwa wengi, wote tumebeba, hakuna aliyesema.

Nilirudi kwa bibi, alikuwa bado hai, nikamweleza yote. Ndipo aliponisimulia habari ya yule mtu wa maziwa. Kabla ya siku ile sikuwa najua kwa nini alikuwa anatoka nje.

Bibi amezikwa hapa kambini. Ninachowaomba wenzangu ni kidogo. Jina la mtu likikufikia kwenye simu, kabla hujalisukuma mbele, jiulize anayelisema ni nani na utamkuta wapi akikosea. Jiulize jina limetajwa ili mtu apatikane, au ili afuatwe. Kama huna jibu, acha liishie kwako. Na kama una hakika mtu anatafutwa na ndugu zake, basi lisambaze usiku na mchana, uwe redio kweli kweli.

La pili: wazee wetu wanaondoka. Hizo redio za Ngara, za Bukavu, za Bujumbura, sauti zake nyingi zimebaki vichwani mwao tu. Simu ile ile uliyonayo ina kinasa sauti. Kaa na mzee wako jioni moja, muulize alisikiliza nini, alizima nini, na kwa nini. Mimi nilichelewa kumuuliza wangu, na kosa langu ndilo lililonipeleka kwake.

Wiki ijayo ni zamu ya mwenzetu wa Fizi.